Unyayo wa Dada Mgongoni Mwangu

Asubuhi iliyofuata siku ambayo dada yangu Mejumaa alinikanyaga mgongo, niliamka nikakuta sina miguu. Kwa macho ilikuwapo, yote miwili, imenyooka juu ya kitanda cha kamba na kufunikwa shuka. Lakini nilipotaka kushuka nikatawadhe, kifua kiliinuka na miguu ikabaki palepale. Mke wangu Riziki alikuwa ameketi mwisho wa kitanda, mkono wake umeingia ndani ya shuka.

"Unafanya nini hapo?" nilimwuliza.

"Nakufinya, Hamisi."

"Basi finya."

"Nakufinya tangu uliponiita," akasema, akafunua shuka nione.

Ninaandika haya sasa kwa sababu natembea, na kwa sababu mara kwa mara huja dukani kwangu mtu asiyetaka kushonewa nguo. Huketi barazani, husalimu, huuliza habari za watu wote wa nyumbani, mpaka mwisho aulize habari ya mgongo wake au wa mtoto wake. Mimi si daktari. Mimi ni fundi cherehani wa Msambweni. Nitaeleza yaliyonipata kwa mpangilio wake, nikianzia pale ambapo ningepaswa kushtuka.

Maumivu yalianza wakati wa kusi. Yalikaa katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega, kisha yakanizunguka mbavu kama mshipi uliokazwa. Sikushangaa. Fundi cherehani huinama tangu asubuhi hadi alasiri, na mafundi wote ninaowajua hulalamika mgongo. Dresa, mfunga vidonda wa dispensari, alinipa dawa ya kusugua, akaniambia nisipopata nafuu nirudi. Sikurudi. Jioni nilipatwa na homa ndogo, na alfajiri nilikuta fulana imeloa jasho. Kanzu nilizojishonea mwenyewe zilianza kunipwaya. Riziki ndiye aliyeona jambo ambalo baadaye daktari aliliuliza kabla ya jambo jingine lolote.

Sindano ilikuwa imeniponyoka ikaanguka sakafuni. Nilishuka kuiokota kwa kukunja magoti, mgongo umenyooka kama ubao, mkono mmoja umeshika paja.

"Mbona unachuchumaa kama mwari anayefundwa?" Riziki akanicheka. "Inama, bwana! Au umemeza mwiko?"

Nami nikacheka. Sikuweza kuinama, na sikuwa nimejua kwamba siwezi.

Sasa nieleze habari za Mejumaa. Ni dada yangu wa tumbo moja, mdogo wangu, ameolewa Mkongani. Alizaliwa kwa kutanguliza miguu. Kwetu mtu aliyezaliwa hivyo ana kazi yake hata kama hakuiomba. Mtu akishikwa na mgongo, humwendea. Mgonjwa hulala kifudifudi juu ya mkeka kwenye kizingiti, kichwa nje, miguu ndani. Mwenye unyayo huvuka kutoka ndani, humkanyaga mara tatu kwa kisigino cha kushoto pale panapouma, kisha huenda zake bila kugeuka. Mgonjwa hatakiwi kusema ahsante, kwani akishukuru maumivu humrudia. Tangu akiwa mtoto Mejumaa alikuwa akiitwa huku na huku. Niliwaona kwa macho yangu wakwezi, wabeba mizigo na akina mama waliotoka kulima wakilala kwenye kizingiti chetu na kuinuka wakijinyoosha. Sisemi ni uongo. Nasema nilichokiona.

Mvua za vuli zilipoanza, Mejumaa alikuja kumjulia hali mama yetu, ambaye anaishi kwangu. Mama hakungoja hata mwanawe atue kapu.

"Mwanangu, mkanyage kaka yako. Ameanza kutembea kama bibi harusi."

"Mama, nimechoka na njia."

"Unyayo hauchoki. Tandika mkeka."

Alisitasita, nakumbuka vizuri. Alisimama ndani ya mlango, akashika miimo miwili. Kisha nikasikia kisigino chake. Mara ya kwanza niliona raha. Mara ya pili niliona raha. Mara ya tatu kitu kilisogea ndani yangu, kimyakimya, bila maumivu makubwa. Nikainuka, nikajinyoosha, na kwa mazoea ya adabu ulimi ukaniponyoka.

"Ahsante, dada."

Mama akapiga kofi mapaja yake. "Ewe Hamisi! Mdomo wako huo!"

Hayo ndiyo yaliyotangulia asubuhi ile ya kufinywa.

Walinibeba juu ya kitanda changu hadi barabarani, tukapata lori la mbata za nazi. Dereva aliyapanga magunia yasije yakanielemea. Barabara ya udongo ilikuwa imekatika mahali pengi kwa mvua, na kila tulipoingia shimoni Riziki alinishika kichwa kana kwamba kichwa ndicho kilichouma. Likoni tulingoja feri muda mrefu. Siku zile bara kulikuwa na hali ya hatari, na askari alipanda nyuma ya lori kukagua watu. Aliniamuru nisimame.

"Hawezi kusimama," Riziki akamwambia.

"Kila mtu husema hivyo."

"Basi msimamishe wewe. Ukiweza, nitakupikia kuku."

Askari akainua shuka, akaitazama miguu yangu, akashuka, akatupungia tupite.

Hospitalini niliwekwa kwenye ukumbi wa kungojea, nimelala sakafuni kati ya mabenchi. Anayelala chini huwajua watu kwa viatu na miguu yao. Nilijifunza nani ana wasiwasi kwa namna vidole vyake vinavyojikunja, na nani amekwisha kata tamaa kwa kuwa vidole vyake vimetulia. Alasiri nilipigwa picha ya ndani ya mwili. Daktari, Mzungu mrefu aliyesema Kiswahili kwa uangalifu, aliinua picha ile mbele ya dirisha. Aliniuliza kama nilikuwa nikiokota vitu kwa kukunja magoti. Riziki akajifunika uso kwa leso.

Alituonyesha pingili za uti wa mgongo, moja juu ya nyingine, zimepangika vizuri, mpaka mahali ambapo mbili zilikuwa zimelika na kuegemeana kama walevi. Akasema ni kifua kikuu.

"Daktari, mimi sikohoi," nikamwambia.

"Chako kimeingia mfupani. Huingia huko kimyakimya."

Nikauliza swali moja. "Nitatembea?"

"Tutajaribu. Utalala muda mrefu sana."

Sikujua kulala kunaweza kuwa kazi. Walinilaza kifudifudi, wakanifunika mgongo kwa vitambaa vilivyoloweshwa jasi, na jasi ile ilipokuwa ikikauka ilipata joto kama mkate unaotoka jikoni. Ikawa ganda zima, tangu kisogoni hadi magotini. Kisha wakaligeuza, wakanilaza ndani yake chali, wakanifunga kwa mikanda. Kuanzia hapo dunia yangu ikawa dari. Niliyajua madoa yake yote, na ule ufa uliofanana na pwani yetu kutoka Diani mpaka Vanga.

Sindano zilikuwa za matakoni kila asubuhi, na vidonge vilikuwa vikubwa, vyenye ladha iliyokaa kooni mpaka jioni. Baada ya muda masikio yalianza kuvuma kama ganda la kome linapowekwa sikioni. Mkojo ulitoka kwa mpira bila idhini yangu. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa maana hakuna aliyenieleza mapema, na niliposhikwa na aibu nilidhani ni mimi peke yangu. Mapaja yangu yalikonda mpaka magoti yakaonekana kama vifundo katika mwanzi. Nesi mmoja, mama wa makamo, alikuwa akituinua kila mmoja na kutusugua ngozi kwa spiriti tusipate vidonda vya kulalia. Aliimba puani kila akifanya hivyo, na wimbo haukuwa mzuri. Nilikuwa nikiungoja kama chakula.

Riziki aliniletea kioo cha mkono cha dukani, kile ambacho wateja hujitazamia kola. Kwa kioo kile nilipata kuiona wodi. Jirani yangu wa kushoto alikuwa Mzee Nyawa, Mduruma mfugaji kutoka upande wa Kinango. Yeye maradhi yalimwingia kwenye kiungo cha nyonga, na mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na mawe ya uzito.

"Wewe fundi," aliniambia siku ya kwanza, "umevikwa koti lisilo na vifungo."

"Na wewe umetundikwa kama nyama buchani."

"Nyama huuzwa, ikaisha. Mimi nitakaa hapa mpaka nioze."

Tulikuwa marafiki tangu siku hiyo.

Nyumbani mambo yalikuwa yakiharibika, na nilipata habari zake kwa vipande, kila mgeni na kipande chake. Riziki alikuwa amefungua duka mwenyewe. Matundu yake ya vifungo yalikuwa mabaya, lakini watu waliendelea kuleta nguo kwa kunionea huruma. Kaka yake alikuja kutoka Majoreni kumchukua. "Utakaa na gogo mpaka lini?" akamwuliza. Riziki akaendelea kukanyaga cherehani bila kuinua macho. "Mpaka nimalize suruali hii," akamjibu, na kila alipomaliza suruali alichukua nyingine.

Kipande kibaya zaidi kilikuwa hiki: mke wangu na dada yangu walikuwa hawasemezani. Siku niliyopakiwa katika lori, Riziki alimgeukia Mejumaa mbele ya majirani, akamwambia, "Wifi, umeniulia mume kwa kisigino." Mejumaa alirudi Mkongani siku hiyohiyo, na watu walipomwendea kwa migongo yao aliwafungia mlango.

Mama alikuwa na maelezo yake. Alikuja mara moja, akaketi kando ya ganda langu, akanipa maji ya dafu kwa kijiko.

"Unyayo wa mwanangu hauna makosa," alisema. "Ulishukuru. Nilikuambia usishukuru?"

"Uliniambia, Mama."

"Basi."

Mejumaa mwenyewe alikuja wakati wa kaskazi. Nilimwona kwanza katika kioo, amesimama mlangoni mwa wodi kama alivyosimama siku ile ndani ya mlango wetu, ameshika miimo. Nikaona pia kwamba ana mimba.

"Pita ndani," nikamwambia. "Siumi. Hata nikitaka siwezi."

Hakucheka. Alisogea mpaka kichwani pangu, mahali ambapo sikuweza kumwona bila kioo, na nadhani alichagua mahali hapo.

"Kaka, siku ile nilikuwa tayari nimebeba. Nilikuwa sijamwambia mtu, hata mume wangu. Na mwenye mimba hakanyagi. Unyayo unakuwa wa watu wawili. Mama akaniharakisha, nikaona haya kusema."

"Ulisitasita. Nilikusikia."

"Kwa nini basi hukuniuliza?"

Mzee Nyawa, ambaye hakuwahi kujifanya hasikii, akaingilia kutoka kitandani kwake.

"Binti, mimi nyonga yangu haikukanyagwa na mtu. Ng'ombe mwenyewe hakunikanyaga. Tazama nilivyo."

Mejumaa akamwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo uone jiwe langu hili. Ndiye mke wangu sasa."

Safari hii alicheka, kidogo, huku akilia. Kabla hajaondoka alisema jambo ambalo tangu siku hiyo lilifungamana na miguu yangu. "Usipoinuka, kaka, mimi nitajua ni mimi. Ukiinuka, bado sitajua."

Kwa hiyo daktari alipopita nilimwuliza kwa niaba yake. Nilimweleza mkeka, kizingiti, kisigino, kila kitu. Hakucheka wala hakukasirika, na kwa hilo ninamheshimu mpaka leo.

"Mfupa ulikuwa umekwisha kuliwa," alisema. "Ungeanguka siku moja. Labda kwa chafya. Labda kwa kubeba ndoo."

"Kwa hiyo siyo yeye?"

"Sikusema hivyo. Mgongo wa namna ile haufai kuguswa. Labda alikuharakishia. Labda siku ya mfupa ilikuwa imefika. Picha hainionyeshi hilo."

Nilimtumia Mejumaa maneno hayo kama yalivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Jibu lake likaja kwa mdomo wa mumewe: "Anasema, basi nusu ni yake."

Masika yakaingia, na Ramadhani ikaangukia humo. Sikufunga, daktari alikataa, na shehe aliyekuja kutuona alituhakikishia ruhusa. Niliswali kwa ishara ya macho: kurukuu nikifumba kidogo, kusujudu nikifumba zaidi. Alasiri moja ya mvua kubwa nilikuwa katika sijda hiyo ya macho Mzee Nyawa alipopiga kelele.

"Fundi! Dole lako!"

Sikujibu, nilikuwa katika swala. Nilipotoa salamu nilimgeuzia kioo kwa ukali. "Mzee, hukuniona naswali?"

"Nilikuona. Na dole lako lilikuwa likiswali pia! Lile gumba la kulia. Limeinama."

Nilikiinamisha kioo. Vidole vyangu vilikuwa vimesimama chini ya shuka kama watu wasionijua. Nikajaribu. Hakuna. Nikajaribu tena, mpaka jasho likanitoka masikioni. Kisha shuka ikatikisika, kidogo sana, kama kitambaa kinachopulizwa na anayepita. Nesi akaitwa. Akafunua, akanitekenya unyayo kwa ncha ya kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu vuli nikahisi kitu. Kilikuwa ni kero tu, kama kuumwa na sisimizi, lakini nilimwomba arudie mpaka akachoka.

Mejumaa alijifungua mwanzoni mwa kusi. Mtoto wa kike, mzima, jina lake Mwanasha. Mumewe alipoleta habari alininong'oneza sehemu ya mwisho kana kwamba ni siri ya wizi: Mwanasha naye ametanguliza miguu.

Nilitolewa gandani polepole. Kwanza kukaa, na kukaa kulinifanya nitapike, kwa maana kichwa kilikuwa kimesahau kuwa juu. Kisha kusimama kati ya vyuma viwili, nimevikwa koti la ngozi lenye mabati mbavuni. Mzee Nyawa alitangulia kuondoka, nyonga yake imeganda moja kwa moja, anatembea kwa kuuzungusha mguu kama anayefyeka nyasi. Aliniachia kamba yake moja ya kuning'inizia. "Ya kupimia nguo," alisema. Mimi niliondoka wakati embe zinapoiva.

Siku ya kwanza nyumbani nilivaa kanzu yangu ya Idi, ikafagia sakafu. Nilidhani Riziki ameikosea. Nikaleta tepu, nikajipima ukutani kama ninavyompima mteja. Nguo ilikuwa ileile. Mimi ndiye niliyepungua vidole viwili, na vidole hivyo viwili vilikuwa vimejikusanya nyuma yangu kuwa kibiongo kidogo, kati ya mabega. Sasa najishonea kanzu ndefu nyuma na fupi mbele, na kwa mtu asiyejua haionekani. Mguu wa kushoto bado hauna hisia nzuri. Kandambili ikinitoka njiani najua kwa sauti, si kwa mguu. Kuinama siwezi. Sindano ikianguka nashuka kwa magoti, lakini sasa Riziki hacheki, huniwahi kuiokota. Yeye na Mejumaa wanasemezana. Ilianza kwa kuulizana chumvi.

Kwa msomaji mwenye mgongo usiopona: jitazame unavyookota kitu sakafuni. Mtazame mtoto wako. Homa ya jioni na jasho la alfajiri usiviite uchovu. Nenda ukapigwe picha kabla ya mtu yeyote kukugusa, awe mkandaji, awe dada yako umpendaye.

Nilikusudia kumalizia hapo. Lakini wiki iliyopita Mama alikuwa akikuna nazi uani, kifuu kikamponyoka kikabingirika. Nilimwona kutoka dirishani. Alishuka kukiokota kwa kukunja magoti, mgongo umenyooka kama ubao, mkono mmoja umeshika paja.

"Mama, mgongo unakuuma tangu lini?"

"Uzee hauna tangu lini."

"Jioni unapata homa?"

"Nani hapati?"

Nilimwomba twende Mombasa. Nilimweleza mambo yote niliyoyaandika hapa, naye aliyaona kwa macho yake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema atakwenda, haogopi, ila kwanza Mwanasha amkanyage. Mtoto ameanza kutembea, unyayo wake ni mwepesi, na yeye Mama hatasahau akashukuru. Akishakanyagwa ndipo atapanda gari. Si kabla.

Mejumaa, aliyekuwa kwetu siku hizo, aliyasikia maneno hayo akiwa jikoni. Hakubishana. Alimfunga mtoto mgongoni, akarudi Mkongani kabla ya adhuhuri, na hajaleta habari. Mama ametandika mkeka kwenye kizingiti, anamngoja Mwanasha. Asubuhi tunauvuka kwa kuinua miguu juu, mimi na Riziki, na jioni bado upo palepale.